Pasta, Niliandika kwa Imani



Wiki hii watu watatu wameniandikia kando wakiuliza swali moja, kila mtu kwa upole wake. Pasta, ni kweli Jumamosi ulikuwa shuleni ukicheza na roboti? Mmoja akaongeza kwamba alikuja kanisani saa nne akaambiwa sipo. Nimeona nijibu hapa mbele ya wote, maana swali likiulizwa na watatu, kuna thelathini wanaolitafuna kimya kimya.

Ni kweli. Huu ni mwaka wa pili. Kila Jumamosi shule zikiwa zimefunguliwa, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba, niko katika ile shule ya kutwa iliyo chini ya kanisa letu hapa Nakuru, na watoto tisa wa Gredi ya 7 hadi ya 9, wasichana watano na wavulana wanne. Wawili tu ndio wa kanisa letu. Mmoja ni Mwislamu, na mama yake ndiye anayetuletea chai. Mwalimu wa hisabati ndiye mlezi wa klabu. Aliniomba nimsaidie kwa sababu alisikia kwamba kabla sijaenda chuo cha Biblia nilikuwa nikitengeneza redio na simu katika kibanda cha mjomba wangu. Mambo ya kuandika programu sikuyajua. Niliyajifunza usiku kwenye simu, bando likiisha nalala.

Na anayeuliza kama hiyo ni kazi ya mchungaji, naomba asome Kutoka sura ya 31 polepole, kisha ya 35. Bezaleli hakuwa kuhani wala nabii. Alikuwa fundi wa dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao, na Biblia inasema alijazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya kazi hiyo ya mikono. Sisi Wapentekoste tumehubiri sana kujazwa Roho, lakini ni lini umesikia mtu amejazwa Roho kisha akaenda kuchukua randa na patasi? Halafu sura ya 35 ina neno ambalo wengi huliruka: Mungu alimtia Bezaleli, pamoja na Oholiabu wa kabila la Dani, moyo wa kufundisha wengine. Haikutosha ajue mwenyewe. Hapo ndipo ninapotoa Jumamosi zangu. Anayenitafuta ofisini, nipo Jumanne hadi Ijumaa, na jambo la dharura nipigie simu saa yoyote.

Acha nieleze mchezo wenyewe kidogo, msije mkadhani ni vile vigari vya watoto. Mashindano yanaitwa FIRST LEGO League. FIRST ni shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1989 na mvumbuzi Dean Kamen, na baadaye likashirikiana na kampuni ya LEGO, wale wa matofali ya plastiki. Kila msimu wanatoa mada moja na meza moja. Meza ina mkeka wa urefu wa karibu mita 2.4, na juu yake kuna vitu vya kusukuma, kuinua, kubeba na kuachilia. Roboti inapewa dakika 2 na nusu. Hakuna rimoti. Mtoto anabonyeza kitufe, anaondoa mkono, na kuanzia hapo roboti inafanya yale tu iliyoandikiwa. Ikikwama katikati ya meza unaweza kwenda kuichukua, lakini unaweza kupoteza pointi. Watoto wawili tu ndio husimama kila upande wa meza kwa wakati mmoja. Mkufunzi, yaani mimi, nasimama nyuma kama mzazi nje ya chumba cha mtihani.

Roboti yetu ni ya mitumba. Ni LEGO Mindstorms EV3, aina iliyotoka mwaka 2013, na kampuni ikaacha kuitengeneza mwaka 2021. Wazazi walichanga tukainunua. Gurudumu lake lina kipenyo cha sentimita 5.6. Zidisha kwa 3.14 unapata kama 17.6, kwa hiyo gurudumu likizunguka mara 5 kamili, roboti inasonga sentimita 88. Watoto ambao mwalimu alikuwa amewaimbia pai muhula mzima bila mafanikio, siku hiyo walinyang'anyana kikokotoo. Mvulana mmoja akasema, "Kumbe pai ni kitu cha ukweli?"

Lakini hesabu ikisema 88, meza inaweza kusema 85. Betri ikishuka, vumbi likikaa kwenye mkeka, kipande kimoja kikilegea, roboti inakwenda kwingine. Kazi yote iko hapo.

Jumamosi moja ilikuwa ikipinda kushoto kila mara. Walibadilisha programu wakachoka. Msichana mmoja, mtoto wa kanisa letu, akaniangalia kwa uzito wote akasema, "Pasta, tuikemee." Sikucheka. Mimi ni mchungaji wa Kipentekoste, naamini mapepo yapo, na wengi wenu mmekuwa nami kwenye kesha usiku wa manane na mnajua siyachezei. Nikamwambia, "Tutaomba, mwanangu, lakini kwanza igeuze juu chini." Kwenye ekseli ya gurudumu la kushoto kulikuwa na unywele mrefu umejisokota, ule wa kusukia. Tukautoa kwa pini, roboti ikanyooka. Kisha tukaomba, tukashukuru kwa macho ya kuona.

Siku hiyo niliwasomea habari za Gideoni. Usiku wa kwanza aliomba ngozi iwe na umande na ardhi iwe kavu. Usiku wa pili akageuza: ngozi iwe kavu, ardhi iwe na umande. Wahubiri wengi humlaumu kwa imani haba. Mimi naona mtu makini. Huenda ngozi ya kondoo hushika umande hata Mungu asiposema neno, kwa hiyo akabadilisha jambo moja ili ajue. Na Mungu alimjibu mara zote mbili bila kumgombeza.

Kuna na sehemu nyingine ya mashindano, ambapo watoto wanatafuta tatizo la kweli na kulifanyia kazi. Msimu wetu wa kwanza, ule wa 2024 kuingia 2025, mada ilikuwa bahari. Bahari, na sisi tuko Nakuru! Katika watoto tisa, aliyewahi kuiona ni mmoja. Walikuwa tayari wamebuni mashine ya kupiga mbizi yenye taa na kamera, kwenye karatasi, ndipo dada mmoja wa kanisa akatuunganisha kwa simu na mama anayelima mwani Kibuyuni, kule Kwale. Tukaweka simu mezani kwa sauti ya juu. Mama yule anaongea Kiswahili kinachoteleza, watoto wangu wa bara wakabaki midomo wazi. Akawaambia anaenda shambani wakati wa bamvua, maji yakitoka mbali, na wakati wa maji mafu anakaa nyumbani. Hakuna aliyejua bamvua ni nini. Akawaeleza kwa subira kama nyanya yao, mwezi na maji na kamba za mwani. Kisha msichana wetu akamuuliza kama angependa mashine ya kupiga mbizi. Akacheka sana. "Wanangu, chini ya maji mimi napajua. Nisaidieni mvua isininyeshee mwani wangu ukiwa juani." Wakapasua zile karatasi na kuanza upya na kichanja cha kuanikia chenye kifuniko. Nimewatembelea waumini kwa miaka mingi, na bado nawaona watumishi wenzangu wakiingia nyumba ya mtu na jibu mkononi kabla ya kuketi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Sheria yangu kubwa katika klabu ni daftari. Kila roboti inapojaribiwa, inaandikwa: tarehe, hali ya betri, kazi gani, imefaulu au haikufaulu, na kama haikufaulu, nini kilionekana. Kazi yoyote inajaribiwa mara 10. Ikifaulu mara 8 inakwenda mashindanoni. Chini ya hapo inabaki nyumbani, hata kama umeitengeneza kwa mwezi mzima.

Kuna kijana wa Gredi ya 8 aliyekuwa ametengeneza mkono wa kuinua. Kijana mchapakazi, mpole, hakosi ibada ya vijana. Aliutengeneza ule mkono wiki tano. Jumamosi hiyo akaandika 8 kati ya 10. Msichana anayeshika saa akaja kwangu, akanong'ona, "Pasta, mimi nilihesabu 4."

Nikamwita kijana nje, chini ya mjakaranda. Nikamuuliza, "Mbona umeandika 8?"

Akaniangalia moja kwa moja. Hakuinamisha kichwa kama mtoto aliyeshikwa akiiba. Akasema, "Pasta, niliandika kwa imani."

Wapendwa, nilinyamaza kwa muda mrefu. Ningemwadhibu kama mwongo, ningekuwa namwadhibu kwa kusikiliza. Maana hayo ndiyo anayosikia kila Jumapili, katika makanisa mengi ya mji huu. Usikiri udhaifu. Tamka unachotaka kukiona. Ukiulizwa hali yako, sema nimebarikiwa. Mtoto alichukua mahubiri akayapeleka mahali ambapo mahubiri yanapimwa kwa saa na rula, na mahubiri yakaonekana yalivyo.

Nikamwambia, "Mwanangu, imani inatazama mbele. Daftari linatazama nyuma. Ukitaka kuandika kwa imani, kuna ukurasa wa malengo, andika pale: naamini Jumamosi ijayo itakuwa 8. Nitatia sahihi pamoja nawe. Lakini leo imekuwa 4, na Mungu aliona 4."

Akauliza, "Kwa hiyo nikiandika 4 sijakosa imani?"

Tukafungua Warumi 4 kwenye simu yangu. Paulo anasema Abrahamu aliutazama mwili wake mwenyewe, mzee wa karibu miaka mia, akaona kwamba ni kama umekwisha kufa, na tumbo la Sara vilevile, na imani yake haikudhoofika. Aliangalia. Hakufumba macho. Hakuwaambia majirani kwamba ana nguvu za kijana. Alisoma namba ilivyo, kisha akamwamini Mungu. Kijana akarudi ndani, akakata ile 8 kwa mstari mmoja, akaandika 4 kando yake. Sikumruhusu kuifuta kabisa, maana katika daftari letu hakuna kufuta.

Niwaambie kwa nini neno lake halikuniruhusu kulala. Wiki chache kabla ya hapo nilimtembelea mama mmoja hospitalini, si wa kanisa letu. Alikuwa na presha kwa miaka. Akaenda mkutano, akaombewa, akasikia joto mwilini, akashuhudia mbele ya watu wengi kwamba amepona. Watu walipiga vigelegele. Alipofika nyumbani alianza kuzificha dawa ndani ya mkebe wa sukari, jirani asizione. Baadaye akaona hata kuzificha ni kumwaibisha Mungu, akaziacha. Nilipomkuta, upande wake wa kulia haukuwa ukisogea. Aliongea kwa shida, neno moja moja, na nilichosikia ni hiki: "Pasta, niliona haya kurudisha ushuhuda."

Msinielewe vibaya. Mungu anaponya. Nimeona, na baadhi yenu mnaosoma hapa ni barua yangu ya ushahidi. Lakini Mungu akimponya mtu presha, ile mashine ya kupima haitamficha. Itasema. Wale wenye ukoma aliowaponya Yesu aliwatuma kwa makuhani wakakaguliwe, na kazi ya kuhani katika jambo hilo ilikuwa kuangalia ngozi na kusema alichokiona. Kadi ya kliniki ni daftari. Anayekuombea kisha akakukataza kwenda kupimwa, muulize anaogopa nini.

Ndiyo maana tangu wakati ule mmeona nimebadilisha kipindi cha ushuhuda Jumatano. Nilisema wazi kwamba mtu anaweza kusimama na ushuhuda wa bado. Bado naumwa. Bado sijapata kazi. Bado mwanangu hajarudi nyumbani, na bado naomba. Mnakumbuka ndugu wa kwanza kusimama, aliyesema ana miezi minane bila kazi na sasa anakwepa watu wa kanisa wasimuulize. Kanisa lilikaa kimya. Watu hawakujua kama hapo ni mahali pa kusema Amina. Kisha mama yetu mzee wa kiti cha mbele akasema, "Amina, mwanangu, tuko na wewe." Jumatano ile tulimaliza saa tatu usiku na hakuna aliyeangalia saa.

Kama unadhani haya ni mambo mapya, soma Hesabu 33. Ni sura ambayo watu huiruka wakisoma Biblia kwa mwaka, majina matupu ya vituo. Lakini aya za mwanzo zinasema Musa aliandika safari hiyo kituo kwa kituo, kwa amri ya Bwana. Elimu imo, penye chemchemi 12 na mitende 70. Na Refidimu imo vilevile, ambapo watu walikosa maji ya kunywa, na imeandikwa hivyo hivyo kwamba maji hayakuwepo. Hakuna aliyemwambia Musa aruke Refidimu ili taifa lionekane lina imani.

Mashindano yalikuwa Nairobi. Tuliondoka saa kumi alfajiri, watoto tisa, mwalimu, mama mmoja wa kuwaangalia wasichana, mimi, na roboti ndani ya sanduku la viatu. Kabla gari halijaondoka waliniambia, "Pasta, omba tushinde." Nikawaambia timu zile nyingine pia zina mapasta wao, Mungu atawasikiliza nani? Wakacheka. Niliomba mikono isitetemeke na barabara iwe salama.

Raundi ya kwanza ilikuwa mbaya. Roboti ilifika kwenye mstari mweusi ikaupita kama haikuuona, ikaenda kugonga ukuta wa meza. Wakaichukua, wakairudisha, ikarudia vilevile. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na mikono mfukoni. Nilishaona shida ni nini, na kulikuwa na nafasi ya kusogea na kusema neno moja. Timu jirani, mkufunzi wao alikuwa chini ya meza na kompyuta kwenye mapaja, watoto wamesimama kando wakila biskuti. Sisemi zaidi. Nilibaki na mikono yangu mfukoni, na si jambo rahisi kwa mtu aliyezoea kushika maikrofoni.

Msichana anayeshika saa ndiye aliyefungua daftari. Hakutafuta kurasa za ushindi. Alirudi nyuma mpaka kwenye ukurasa mmoja wa mwezi wa pili wa mazoezi ulioandikwa 0 kati ya 6, na chini yake kwa mwandiko wake: dirisha lilikuwa wazi, jua linaingia, jicho halioni mstari. Akainua kichwa akaangalia taa za ukumbi ule, kubwa, nyeupe, nyingi. Roboti ina kijicho kinachopima mwanga unaorudi kutoka kwenye mkeka, na mwanga wa chumba ukibadilika, namba zinabadilika. Wakapima upya nyeusi na nyeupe pale pale, wakabadilisha namba moja kwenye programu. Raundi ya pili ikawa afadhali. Ya tatu roboti ilifanya kila kitu isipokuwa kazi moja ya mwisho, muda ulikwisha.

Ule mkono wa kuinua haukuwepo mezani. Kijana aliufanyia kazi mpaka ukafika 6 kati ya 10, na sheria ni 8, kwa hiyo aliuacha Nakuru kwenye kabati. Lakini mbele ya majaji, walipouliza ni nini kiliwashinda, yeye ndiye aliyesimama. Akasema, "Mkono wangu. Ulianza na 4, ukafika 6, tukauacha." Jaji mmoja akaomba kuona ukurasa. Akaona pale palipokatwa 8, akauliza hiyo nayo ni nini. Kijana akanitazama kidogo, kisha akamweleza kila kitu, hata lile neno la imani. Majaji walitabasamu. Yeye hakutabasamu.

Hatukurudi na kombe. Tulikuwa huko katikati ya orodha. Kwenye gari, kabla hatujafika Naivasha, wote walikuwa wamelala isipokuwa yeye, alikuwa akichora gia nyuma ya tiketi ya chakula.

Mama yake ananiuliza kila Jumapili kama roboti itamlipia mwanawe karo. Anauza mboga pale stendi, na swali lake ni la haki. Nimemjibu kwamba sijui. Najua tu kwamba wiki iliyopita mtoto alimfungulia daftari la biashara, anaandika mauzo kila jioni, na siku ambazo nyanya zimeoza anaziandika pia. Mama anasema yale ya nyanya yanamuudhi kidogo.

Msimu mpya umeanza. Tuna kompyuta mbili na moja inazima ikichomolewa stima. Mwenye kompyuta ya mkononi iliyozeeka lakini inayowaka, tafadhali. Mafundi wa kanisa, mbao za kujengea meza ya mazoezi zimefika, tunahitaji mtu na msumeno Jumamosi hii saa tatu. Na yule mama wa Kibuyuni amepiga simu akiuliza watoto wanakuja lini kuona bahari, amesema atawapokea, watalala kwake na kwa dada yake. Nauli ya watoto tisa kwenda na kurudi hatuna. Anayeguswa aniambie, au amwone mwalimu baada ya ibada.